Moto wa Ndani ya Waya

Tiit-Ebe, 8 Desemba 1993

Kunnei mwanangu mpenzi,

Pokea salamu kutoka nyumbani, tena nyingi. Mimi mama yako ni mzima, ila kiwiko tu, kile cha siku zote. Bibi yako Maappa anakusalimu, anakula vizuri, meno aliyobakiwa nayo ni manne na anayahesabu kila asubuhi asije akaibiwa. Baba yako Gavril anakusalimu. Hajasema, lakini nilipochukua kalamu alikohoa, na mimi nimeishi naye miaka ishirini na minne, najua kukohoa kwake. Jirani Mikiiter anakusalimu pamoja na mkewe Daayis. Mjane Suokule anakusalimu, anauliza kama umepata mchumba. Nimemwambia mwanangu yuko chini ya malori kutwa nzima, mchumba akitaka kumwona naye alale chini. Mzee Tokoon anakusalimu, farasi wake pia. Ng'ombe wote tisa wanakusalimu, na Erieke ana mimba, atazaa Machi Mungu akipenda.

Nasi tunataka kujua hali yako. Unavaa soksi zile za manyoya ya sungura? Usinijibu ndiyo kwa sababu tu nimekuuliza. Zivae. Nimempa dereva Bachai maziwa yako, sahani kumi na mbili zilizoganda vizuri, zimefungwa kwenye gunia. Usiziache karibu na jiko la gereji. Mwaka jana uliziacha.

Sasa mwanangu, nina jambo, na sijui nianzie wapi, mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na la nne lenyewe nusu.

Ni trekta. Unajua lile shamba la serikali lilipogawanywa, sisi nyumba nne, yetu, ya Mikiiter, ya Suokule na ya Tokoon, tulipata trekta moja na mapipa matatu ya dizeli ya majira yote ya baridi. Na unamjua baba yako. Tangu Oktoba theluji iliposhika, hakulizima hata siku moja. Usiku na mchana linanguruma pale dirishani, vikombe vinatetemeka rafuni, bibi yako anasema ni kama kuishi ndani ya tumbo la ng'ombe. Zamani ilikuwa hivyo, wewe mwenyewe ulilelewa na ule mngurumo. Lakini zamani dizeli ilikuwa ya serikali. Mikiiter alimwambia mara ya kwanza, "Kaka Gavril, mapipa ni matatu tu." Baba yako akamjibu, "Ukimzima haamki. Unataka umzike wewe?" Basi likanguruma. Tarehe ishirini na tisa Novemba Mikiiter alitumbukiza kijiti kwenye mapipa, mawili yakalia matupu na la tatu limebaki nusu. Dizeli imechomwa yote kwa kusimama, mwanangu. Trekta halijaenda popote.

Na nyasi za ng'ombe bado ziko kule malishoni ng'ambo ya mto, kilomita thelathini na nane, marundo matatu yaliyofunikwa theluji. Hapa nyumbani zilizobaki tunawapa ng'ombe kwa kupima na mikono.

Basi wenzetu wa nyumba tatu wakaja, wakamwambia baba yako azime ili ile nusu pipa iende kuleta nyasi. Akazima. Kulipokucha baridi ilikuwa digrii hamsini na moja chini ya sifuri, na trekta likawa jiwe. Baba yako akamwaga maji yote ya injini lisije likapasuka, akaweka beseni la makaa chini ya tumbo lake kama babu yako alivyofanya. Bomba la dizeli likashika moto. Mikiiter akalizima kwa theluji. Nyusi za baba yako hazipo tena, mwanangu, uso wake umekuwa kama yai. Mikiiter alibadilisha bomba, lakini baba yako hajaligusa tena trekta. Anakaa anachonga vijiko. Tuna vijiko kumi na tisa.

Wamekaa kikao. Wamesema trekta lisipowaka kufikia tarehe ishirini Januari, wataanza kuchinja, maana nyasi hazitafika Februari. Suokule ana ng'ombe mmoja tu. Na kwetu wataanza na Erieke, kwa kuwa hakamuliwi sasa.

Farasi wa Tokoon alijaribu, akaleta mzigo mmoja kwa siku tatu, amelala. Vijiji vya jirani vina shida yao hiyohiyo.

Wewe unakaa na injini. Niambie mnafanyaje huko. Baba yako hajui kwamba nimekuandikia hili, anadhani naandika habari za maziwa. Niletee neno upesi na Bachai.

Mama yako.


Yakutsk, 15 Desemba 1993

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo Bibi, na Baba naye, hata kama atakohoa. Mimi ni mzima kabisa. Soksi ninazo mguuni wakati huu ninapoandika. Maziwa yamefika, sahani kumi na moja na nusu. Bachai anasema ile nusu iligonga kitu njiani. Kile kitu nadhani ni mdomo wake.

Mama, nilisoma barua yako nikacheka kwa ajili ya nyusi, halafu nikafika kwa Erieke nikaacha kucheka. Sikiliza.

Huku tuna malori kumi na manne. Jioni tunayazima yote. Yote, Mama, mwambie Baba, au usimwambie. Kila lori lina hita, chuma kidogo chenye koili, kinaingia ubavuni mwa injini, kinakaa ndani ya maji yake kama kile cha kuchemshia chai ya haraka. Waya wake tunauchomeka ukutani, na malori yanasimama pale yamejipanga kama ndama wanaonyonya. Asubuhi injini imepata joto, unawasha, inawaka. Dizeli unachoma ukiwa safarini tu.

Kwenye boksi hili nimekuwekea hita moja. Nimeinunua mwenyewe na nimeipima mwenyewe. Kuna waya mrefu wa nje na madumu mawili ya maji ya rejeta yasiyoganda. Mikiiter anajua spana, yeye aifunge. Upande wa kushoto wa injini ya trekta letu kuna kizibo cha duara, cha pili kutoka mbele, akitoe hicho, hita iingie hapo. Halafu, Mama, mimina madumu yote mawili kwanza. Usichomeke hita ikiwa kavu hata kidogo, itaungua kwa dakika moja na mimi sina nyingine. Injini ikijaa ndipo uchomeke. Betri iwekeni ndani ya nyumba mpaka dakika ya mwisho. Na mfunike injini vizuri, joto lisikimbie.

Kwa baridi ya hamsini ipashwe kwa muda wa saa tatu, saa nne ni bora zaidi. Umeme wenu wa asubuhi bado ni kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili? Basi unatosha kwa shida.

Baba akisema chochote, mwambie binti yake anayechezea uchafu wa malori, badala ya kusomea uuguzi kama alivyotaka yeye, amesema hivyo.

Au usimwambie.

Binti yako.


Tiit-Ebe, 28 Desemba 1993

Kunnei mwanangu,

Salamu. Wote wazima, Bibi, Baba, majirani, ng'ombe. Vijiko ni ishirini na saba.

Boksi lilifika salama. Baba yako aliliona akasema, "Injini si birika." Akarudi kwenye kisu chake. Mikiiter aliifunga hita, kizibo kilikuwa palepale uliposema, alishangaa, akasema, "Huyu mtoto anaona kutoka mjini?" Madumu tumemimina yote mawili.

Lakini hita haikufaa. Tuliijaribu jioni, umeme wa kijiji kizima ukazimika. Mambo ya umeme nani anayajua. Labda iligongwa njiani, hizi barabara zenyewe. Sidor wa kituo cha umeme amekuja hapa kwa hasira, amekata waya unaotoka nje ya nyumba yetu, amesema Gavril hatapata soketi ya uani mpaka yeye Sidor afe. Kwa hiyo basi. Nimekushukuru mwanangu, umejitahidi. Tutaona itakavyokuwa.

Jifunike kichwa.

Mama yako.


Yakutsk, 3 Januari 1994

Mama,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya kwako na kwa wote.

Hita haikugongwa. Niliifunga kwa koti langu la zamani, na Bachai aliibeba mapajani kwa kuwa nilimwambia ni chombo cha hospitali. Hita hiyo ni nzima. Barua yako ina mistari kumi. Wewe, Mama, huwa unaandika mistari kumi kuhusu kiwiko peke yake.

Niambie ulifanya nini kabla umeme haujazimika. Kila kitu, hata kama ni aibu. Nikuambie yangu kwanza. Mwezi wangu wa kwanza hapa gereji nilipewa lori nilitoe nje. Nilisahau kuchomoa waya. Niliondoka na waya, na soketi, na ubao wa ukuta mita mbili, nikaufikisha hadi barabarani, watu wakinipungia mkono, na mimi nikadhani wananipongeza. Mpaka leo wananiita Ukuta. Sasa na wewe sema.

Leo ni tarehe tatu. Ishirini haiko mbali. Jibu na dereva huyuhuyu, anageuza siku ya pili.

Binti yako.


Tiit-Ebe, 6 Januari 1994

Kunnei mwanangu,

Salamu kutoka kwa wote, sitawataja leo, dereva anapiga honi.

Nilifanya hivi. Hakuna kazi kubwa ya moto tunayoanza bila kumpa Mzee wa Moto, roho wa jiko, chakula chake, wewe unajua, nilikufundisha ukiwa mdogo kama kiti. Ukiwasha jiko la nyumba mpya unampa. Ukienda safari unampa. Sasa hita hii itaamsha trekta la nyumba nne, na ng'ombe tisa wako juu yake, je, nisimpe kitu? Lakini nilitafuta mlango wa moto wake sikuuona. Hakuna makaa, hakuna majivu, hakuna pa kuweka mkono. Niliona tu waya unaingia kwenye soketi ile iliyo karibu na mlango wetu, nikasema moyoni, basi anaishi humu, mlango wake ni huu.

Nikapika chapati za maji. Nikakata kipande laini, nikakipaka siagi iliyoyeyuka, nikakisukuma kwa heshima pale plagi inapoingia. Na mtindi kijiko kimoja. Nikasema maneno yote, nikamwomba kwa ajili ya Erieke.

Mwanangu, alijibu. Cheche ilitoka ya bluu, ndefu kama kisu, ikala glavu yangu, ukuta mweusi, na kijiji kizima kikawa giza. Ilikuwa saa moja jioni, wakati wa ile tamthilia ya Kimeksiko. Wanawake wote walikuwa mbele ya televisheni, yule binti kipofu alikuwa anafunguliwa bandeji siku hiyohiyo. Mpaka leo hatujui kama anaona. Daayis hajanisamehe. Dukani wanaponiona wanasema, "Amekuja mama wa giza."

Sikumwambia mtu kuhusu chapati. Sidor alikuta soketi imeungua akasema ni hita. Mimi nikanyamaza, hita yako ikabeba lawama. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko mkono. Mkono umepona, usiogope.

Baba yako peke yake alinusa. Alisimama mlangoni, akanusa, akasema, "Siagi." Halafu akaenda kulala. Hakumwambia mtu.

Zimebaki siku kumi na nne. Mikiiter ameshanoa shoka, nimeliona limesimama ukumbini kwao. Niambie nifanye nini. Au kama Mzee wa Moto amekataa, niambie pia.

Mama yako.


Yakutsk, 10 Januari 1994

Mama yangu mpenzi,

Nimesoma barua yako gerejini mbele ya watu, ikabidi nitoke nje, nikacheka mpaka machozi yakaganda. Usikasirike. Mzee Yegor, fundi wetu mkuu, ana miaka sitini na tatu, aliniuliza kuna nini nikamsomea. Yeye hakucheka. Alisema, "Mama yako amefanya sawa, ila amekosea nyumba."

Sikiliza alivyosema, na mimi naona ni kweli kabisa. Moto hauishi kwenye waya. Waya ni njia tu, kama bomba la jiko, hakuna anayelisha bomba. Moto wenyewe uko kwa Sidor. Kituoni mle kuna injini kubwa ya dizeli, ndani ya chuma chake moto unawaka, huo ndio unaosukuma taa zenu zote, na ndio utakaopasha trekta. Hujamnyima Mzee wa Moto kitu, ulimgongea dirishani wakati mlango uko upande wa pili.

Kwa hiyo pika chapati nyingine, nenda kwa Sidor. Mle kituoni ana jiko lake la kuni la kumpa joto yeye mwenyewe, mlishe Mzee wa Moto pale. Na umwambie ukweli kuhusu soketi. Najua ni vigumu. Mwambie hita haina kosa, akiipima ataona. Usimbembeleze sana, Sidor akibembelezwa anavimba.

Soketi iliyoungua abadilishe. Mtindi, Mama, usiupeleke karibu na umeme maisha yako yote.

Na jambo jingine. Yegor anasema hita inapasha maji, lakini oili inakaa chini kabisa, kwenye tumbo la injini, na kwa baridi yenu itakuwa nzito kama lami hata maji yakiwa moto. Joto inabidi lishuke likae chini huko. Kufunika juu peke yake hakutoshi. Sisi huku tuna banda. Nyie hamna, na sijui mtafanyaje. Nimefikiri usiku mzima sijapata jibu. Fikiri na wewe.

Nangoja.

Binti yako.


Yakutsk, 26 Januari 1994

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Madereva watatu wamekuja kutoka huko, nimewauliza wote. Wa kwanza hakupita Tiit-Ebe. Wa pili alipita usingizini, anasema mwenzake ndiye aliyeendesha. Wa tatu anasema aliona nyama inapakiwa kwenye lori, hajui ya nani, hajui ni kijiji chetu au cha jirani, hajui chochote, sijui anaendeshaje.

Tarehe ishirini imepita. Kama mmechinja niambie tu. Sitasema kitu. Nitumie neno moja.

Binti yako.


Tiit-Ebe, 30 Januari 1994

Kunnei mwanangu, kipenzi changu, fundi wangu,

Salamu nyingi mno. Mimi mzima, kiwiko kizima, sijui kimekwenda wapi kile kiwiko. Bibi yako mzima. Baba yako mzima, nyusi zimeanza kuota, zinaota nyeupe. Mikiiter na Daayis wanakusalimu. Suokule anakusalimu, Tokoon anakusalimu, farasi amesimama. Ng'ombe tisa wanakusalimu. Nasema tisa. Wahesabu mwenyewe ukija.

Sikukuandikia kwa kuwa Bachai aligonga lori lake likakaa matengenezo wiki mbili, na mwingine simwamini na habari kama hii. Ile nyama ilikuwa ya jirani zetu, wao hawakuwa na binti gerejini.

Sasa ngoja nikueleze kwa utaratibu.

Barua yako ilifika tarehe kumi na tatu. Nilipika chapati, nikaenda kituoni kwa Sidor. Alinifungulia mlango nusu. "Umekuja kukizima na kituo hiki?" Nikamwambia, "Nimekuja kusema. Hita haina kosa. Mimi ndiye niliyeilisha soketi." Nikamweleza chapati, siagi, mtindi, yote.  Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Na kwangu huku umeleta nini?" Nikamwonyesha sahani. Nikamwambia alivyosema mzee wenu Yegor, kwamba moto wa waya nyumba yake ni hapa.

Mwanangu, Sidor alikaa chini. Alisema, "Shangazi Ogdoo, mwaka wa kumi na moja huu nawawashia taa. Taa zikizima mnakuja mnapiga mlango. Zikiwaka hakuna aliyewahi kuja. Moto wangu haujawahi kupewa hata kombo la mkate." Alifungua jiko lake, nikampa Mzee wa Moto sehemu yake, Sidor mwenyewe akasema maneno, anayajua vizuri kuliko mimi, nani angejua. Halafu akala chapati tisa. Siku ya pili alikuja na soketi mpya na kifaa chake, akaipima hita, akasema nzima kabisa. Akauliza hita inahitaji muda wa saa ngapi. Nikasema binti yangu anasema tatu, nne ni bora. Akasema, "Nitakuwashia saa tisa alfajiri. Utapata muda wa saa tano kamili. Dizeli yangu ya ziada nitaipata nikizima nusu saa mapema kila jioni." Nikamwambia nusu saa ile ndiyo ya tamthilia, wanawake wataniua. Akasema, "Waambie ni mimi."

Ikabaki ile oili ya chini. Ulisema nifikiri. Nilifikiri nikimkamua ng'ombe wa Daayis, kichwa changu kimeegemea ubavu wake. Joto la ng'ombe linakaa chini kwa sababu amelala juu yake. Trekta limesimama kwa miguu, upepo unapita tumboni. Basi inabidi livae kitu kinachofika mpaka chini. Nikashona sketi.

Nilichukua koti la ngozi ya farasi la babu yako, makoti mawili ya sufu ya baba yako ya jeshini, pazia zito la mlango wa zizi, na bibi yako akatoa godoro lake la manyoya mwenyewe, alisema amechoka kulala laini. Siku tatu mimi na Suokule tulishona kwa uzi wa mshipa wa ng'ombe. Tulizungushia trekta lote mpaka ardhini, pindo tukalifukia kwa theluji kama tunavyofukia ukuta wa nyumba. Watu wa kijiji walipita wakacheka. Tokoon akauliza kama tumelitafutia trekta mume. Mimi nikamwambia, "Wewe ungekuwa na sketi kama hii miguu isingekuuma."

Baba yako hakucheka. Alisimama dirishani na kisu na kijiko. Aliona koti lake la jeshi. Nilidhani atatoka kulidai. Hakutoka.

Tarehe kumi na nane. Digrii hamsini na nne. Saa tisa alfajiri taa zikawaka, Sidor hakuchelewa hata dakika moja. Nikachomeka. Soketi kavu, mikono mitupu, sikuweka kitu, nilifumba macho tu. Hapakutokea kitu chochote, na ndivyo inavyotakiwa, kumbe. Nikakaa. Kila nusu saa natoka nainua pindo, naingiza mkono. Mara ya kwanza chuma kinauma. Mara ya tatu hakiumi. Saa moja na nusu asubuhi nikaingiza mkono mpaka begani, kwenye tumbo lake chini kabisa, pale ilipo oili. Kunnei, palikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe.

Mikiiter akaleta betri kutoka chini ya kitanda cha bibi. Watu wamekuja, nyumba zote nne, na Sidor amekuja, na wengine wa kuangalia tu. Mikiiter anashika ngazi apande, mara mlango wetu ukafunguka, baba yako akatoka na viatu vya ndani, hana kofia.

"Ondoka hapo," akamwambia Mikiiter. "Humjui huyu."

Akatembea mpaka kwenye trekta. Akavua glavu. Akainua pindo la koti lake mwenyewe, akaingiza mkono. Akakaa hivyo.  Pumzi zetu tu zinasikika zikiganda. Alikaa muda mrefu mpaka nikaogopa mkono umenasa. Alipoutoa aliutazama, kisha akanitazama mimi.

"Panda," akasema.

"Nani?"

"Wewe. Umempasha wewe, mwamshe wewe."

Miaka ishirini na minne trekta likinguruma dirishani kwangu, sijawahi kukaa kwenye kiti chake. Nikapanda na sketi zangu tatu. Baba yako akasimama kwenye ngazi akanionyesha huu mguu, huu mkono. Nikazungusha ufunguo. Likaguna, polepole, mara moja, mara mbili, kama bibi yako anapoinuka. Baba yako akasema, "Usimwachie, usimwachie." Likakohoa moshi mweupe. Likakohoa tena. Halafu, mwanangu, likawaka.

Suokule alikaa kwenye theluji akalia. Daayis alinikumbatia, akasahau yule kipofu. Sidor alisimama kifua mbele kama amelizaa yeye. Mikiiter alikwenda ukumbini kwake, akalichukua lile shoka, akapasulia kuni mbele ya watu wote.

 Baba yako alichomoa waya, akalivua trekta ile sketi kwa uangalifu, akaikunja, akaiweka kwenye kiti nyuma yake. Akafunga trela, akaondoka na Mikiiter kwenda malishoni. Kesho yake saa tisa mchana tuliwaona wanashuka ukingo wa mto, rundo la nyasi kubwa kuliko nyumba, juu yake theluji, na trekta mbele linang'aa. Wamekwenda safari tatu. Kwenye pipa dizeli imebaki, na nyasi zinafika mpaka Mei, hata kama majani yatachelewa kuota. Kila jioni baba yako analizima. Analizima mwenyewe, analivalisha sketi mwenyewe, anachomeka waya mwenyewe, hataki mtu aguse. Kijiji kimekuwa kimya, mwanangu, nasikia mpaka ng'ombe wakitafuna zizini. Siku mbili za kwanza sikupata usingizi kwa ule ukimya.

Sidor sasa kila Jumamosi anapata chapati kutoka nyumba moja au nyingine, amenenepa. Na watu wa kijiji cha jirani walikuja jana na kamba, wanapima urefu wa sketi.

Nilikuwa nimemaliza kuandika hapo. Lakini baba yako amesimama nyuma yangu sasa hivi, ananitia giza. Hakohoi. Amesema niandike, nami naandika kama anavyosema neno kwa neno:

"Muulize fundi. Redio inasema keshokutwa itafika hamsini na nane, na lazima niende kumletea Suokule kuni. Kwa hamsini na nane ni saa ngapi? Mwambie sitachomeka kabla hajasema."

Nimemwambia si uandike mwenyewe. Amesema mwandiko wake ni mbaya na wewe umesoma. Bachai yuko nje, hajazima lori, mwambie na yeye habari za hita. Ameahidi kufika kwako kesho na kugeuza siku hiyohiyo. Baba yako ameshakunja sketi mikononi, anangoja. Jibu upesi.

Mama yako.